Kabati la mvule la Walukuba

Mwaka 2011 nilipoajiriwa kufundisha katika shule moja ya msingi mjini Jinja, Uganda, mshahara wangu haukufika shilingi 300,000 kwa mwezi, na bei za vitu zilikuwa zikipanda bila kupumzika. Mfumuko wa bei ulikuwa njiani kufikia asilimia 30, kiwango ulichokigusa Oktoba mwaka ule. Sukari iliadimika madukani, na makabati mapya yaliyopangwa kando ya barabara yalitajwa kwa bei ambazo ningezifikia baada ya kujinyima kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili huko Walukuba, mtaa mmoja wa Jinja, na mali yangu yote ilikuwa godoro, jiko la mkaa, ndoo mbili na sanduku la bati ambalo baba yangu alilitumia alipokuwa askari polisi. Nikaamua kwamba sitanunua samani mpya hata moja, bali nitatafuta za zamani na kuzitengeneza. Uamuzi huo ulitokana na mfuko, lakini kabla kazi haijaisha ulikuwa umeshakuwa wa moyo.

Jinja ni mji unaomfaa mtu anayetafuta samani za zamani, na sababu yake imo katika historia ya mji wenyewe. Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vikaufuata umeme, na wafanyakazi wakaja kutoka Busoga, Acholi, West Nile na hata magharibi mwa Kenya. Wengi wao waliishi Walukuba, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya jirani na jirani, kama kilivyokuwa katika kambi za polisi nilikolelewa mimi. Watu hao walikuwa na mishahara ya uhakika, na maseremala wa wakati huo walikuwa na mvule wa Busoga karibu nao. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 viwanda vingi vilidorora, na walioajiriwa humo wakazeeka bila kupata kazi nyingine ya maana, lakini meza na makabati yao yalibaki ndani ya nyumba, mara nyingi yakiwa yamepakwa rangi juu ya rangi hata asipatikane mtu anayejua mbao iliyomo chini yake.

Kabati nililolipata lilikuwa la mjane mmoja aliyekuwa akihama kurudi kijijini kwao, upande wa Kamuli. Lilisimama nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, likitumika kuhifadhi mkaa. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, kioo cha mlango mmoja kilikuwa kimevunjika, na miguu yake ilikuwa imeoza hata likainama upande. Nilipojaribu kulisogeza halikusogea, na uzito huo ndio ulionifanya nivute droo na kuitazama kwa makini. Pembe zake zilikuwa zimeunganishwa kwa meno yanayoshikana, bila msumari hata mmoja.

"Mama, unaliuza kabati hili?"

"Hili, mwanangu? Nilikuwa nimemwahidi muuza chapati alipasue kuni."

Moyo ulinishtuka. Tulikubaliana shilingi 60,000, naye akaniomba nichukue pia viti viwili vya mbao vya sebuleni kwa 30,000, kwa kuwa gari alilokodi halikuwa na nafasi. Nilikodi mkokoteni, na badala ya kuupeleka mzigo nyumbani nikauelekeza moja kwa moja kwa seremala mzee aliyefanya kazi chini ya mwembe, karibu na njia niliyopita kila siku kwenda shuleni. Ilikuwa likizo ya mwisho wa muhula wa pili, kwa hiyo niliweza kushinda pale na kufanya kwa mikono yangu kila kazi ambayo Mzee aliniruhusu kuifanya, na kwa kila kazi kama hiyo malipo yake yalipungua.

Nilifika nikiwa na mawazo ya rangi: nyeupe au labda bluu. Mzee hakunijibu. Aliokota kipande cha kioo kilichovunjika, akakishika kwa vidole viwili, akakwangua mahali padogo nyuma ya mlango. Kijani kilitoka, kikafuata kijivu, kikafuata rangi ya maziwa, kisha ikatokea mbao ya hudhurungi iliyokoza, yenye mistari myembamba ya dhahabu.

"Mwalimu, huu ni mvule. Ukiupaka rangi tena, utakuwa umeuzika mara ya nne."

Nilimwuliza imekuwaje basi miguu ioze, maana tangu utoto nimesikia kwamba mchwa hauli mvule. Alililaza kabati chali na kunionyesha. Miguu ile haikuwa ya mvule. Mtu fulani, miaka ya baadaye, alikuwa ameikata ile ya asili na kuweka ya musizi, mbao nyepesi na rahisi kuchonga ambayo haivumilii unyevu wala wadudu. Mvule wenyewe, kwa maana ya kiini cha mti, ulikuwa mzima kabisa, na mchwa ulikuwa umepanda kwenye miguu, ukafika kwenye kiungo, ukaishia hapo. Hadi leo, nikitazama samani ya zamani iliyoharibika, swali langu la kwanza ni kama sehemu iliyooza ni ya tangu mwanzo au iliongezwa.

Hakuna fundisho jingine la Mzee nililolithamini kama namna alivyovifungua viungo. Mimi nilidhani atavigonga kwa nyundo. Yeye alichemsha maji, akayamimina kidogo kidogo juu ya kiungo, akasubiri, akamimina tena, kisha akavuta kwa mikono mitupu na ulimi ukatoka katika tundu lake bila ufa. Maseremala wa zamani, alinieleza, walitumia gundi iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na gundi hiyo hulainika kwa maji ya moto, kwa hiyo kabati la aina hiyo linaweza kufunguliwa, kusafishwa na kuunganishwa upya mara nyingi. Gundi nyeupe ya siku hizi, ikishashika, hufanya kiungo kivunjike kabla ya kufunguka. Aliisema habari hiyo kwa masikitiko ya kweli, na mimi niliyashiriki.

Kazi ya kukwangua ilikuwa yangu. Mzee alinikataza kupiga msasa mkavu juu ya rangi zile za chini, kwa sababu rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Nililowesha, nikakwangua kwa kioo, nikakusanya maganda kwenye gazeti, na watoto wa majirani nikawakalisha mbali. Rangi ilipokwisha nilianza na msasa namba 80, nikaenda 120, nikamalizia na 240, nikifuata mistari ya mbao kila mara. Vumbi la mvule lenyewe huwasha ngozi na kubana kifua, na kwa siku zote hizo nilijifunga leso puani na mdomoni. Mzee naye, alipopiga randa ubao wa chini, aligonga kitu kigumu. Ndani ya mvule huota mabonge ya chokaa yaliyo magumu kama jiwe, na ncha ya randa ikapata pengo. Alikaa chini akainoa upya bila kulalamika.

Redio yake ndogo ilikuwa ikining'inia kwenye tawi, na majuma yale kulikuwa na mjadala mkubwa: serikali ilikuwa imelirudisha wazo la kutoa sehemu ya msitu wa Mabira ilimwe miwa. Mabira uko kati ya Jinja na Kampala, na sisi tulikuwa tumekaa mbele ya mti uliokatwa kabla sijazaliwa, uliokaribia kuishia chini ya kikaango cha chapati. Sikuweza kuvitenga vitu hivyo viwili, na sidhani kama inafaa kuvitenga. Mtu anayelilia msitu redioni na kuchoma kabati zima la mvule nyuma ya nyumba yake hajaona bado kwamba ni mti uleule.

Miguu mipya ilichongwa kutoka kwenye kipande cha mvule ambacho Mzee alikuwa nacho, mabaki ya kitanda. Nilitaka kununua vishikio vipya vya droo, lakini aliniambia nipeleke fedha hiyo kwenye bawaba imara, na vile vya zamani nivisugue kwa limau na majivu. Vilikuwa vya shaba nyeupe iliyochafuka, vikang'aa. Mbao tuliifuta kwa shelaki, utomvu wa kung'arishia mbao, iliyoyeyushwa katika spiriti, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, isipokuwa sehemu ya juu ambayo ingewekewa vikombe na kulowa. Hapo alitumia vanishi ya mafuta, kwa kuwa shelaki haipatani na maji.

Kioo kipya kingenigharimu fedha ambazo sikuwa nazo. Badala yake nilinunua kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho mafundi hulichemsha na kulitwanga kwa nyundo za mbao hadi litandazike, na ambacho ufundi wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa binadamu. Tuliondoa na kioo kilichobaki, tukaibana lubugo ndani ya fremu za milango yote miwili. Wekundu wake na hudhurungi ya mvule vilikubaliana vizuri kuliko chochote ambacho ningekinunua dukani.

Viti vilikuwa na kazi ndogo zaidi. Matandiko yake niliyachoma kwa hofu ya kunguni, na viti vyenyewe nikavianika juani. Mzee alisuka mikanda ya tyubu ya gari kuwa kikalio, mimi nikanunua vipande vya sponji, nikavishona ndani ya amerikani kwanza na kitenge juu yake, maana kitenge peke yake huchanika upesi. Fedha yote iliyotoka, pamoja na mkokoteni, vifaa na malipo ya Mzee niliyoyalipa kwa awamu mbili, ilikuwa shilingi 275,000. Kabati jipya la musizi, peke yake, lilikuwa likiuzwa 450,000.

Jirani yangu wa mlango wa pili, aliyekuja kuona, alisimama mbele ya kabati kwa muda, kisha akaniuliza anapatikana wapi huyo mzee. Alikuwa na meza aliyoachiwa na baba mkwe, ambayo aliiegemeza kwenye banda la kuku. Tuliibeba pamoja hadi mwembeni. Mzee alikwangua pembe yake kwa kipande cha kioo, akanusa, akasema kwamba si mvule bali ni mugavu, mbao nzuri ya kudumu, akamtajia bei ya kuitengeneza. Jirani aliomba apunguziwe shilingi 10,000. Mzee alikubali, kwa sharti kwamba msasa apige mwenyewe.