Nilivyopima malisho Longido kwa fimbo na chujio la chai

Ukipanda basi Arusha kwenda Namanga baada ya mvua utaona Longido yote kijani, utasema malisho yamerudi. Mimi hiyo rangi siiamini. Kijani kingi pale ni magugu na nyasi za msimu, jua likiwaka wiki chache tu kwisha habari yake.

Nilipopewa kazi ya kupima hali ya malisho ya kijiji nilitumia fimbo ya mita moja yenye alama 5. Unasimama katikati ya eneo, unatembea kaskazini, mashariki, kusini na magharibi, kila mita 5 mpaka ya 25 unailaza chini unaandika kila alama imeangukia nini, nyasi ya kudumu, ya msimu, kichaka, jiwe au udongo mtupu. Ukimaliza una pointi 100 kwa hiyo asilimia imeshapatikana, kikokotoo cha nini.

Ila asilimia peke yake inadanganya bana. Maeneo mawili yanaweza kuwa na udongo mtupu sawasawa, moja mashina yametawanyika, jingine yamejikusanya pembeni na katikati kumebaki pengo refu, na hapo ndo maji yanapokimbia na udongo. Basi kila fimbo iliyolala peupe mwanzo hadi mwisho naiwekea alama yake.

Nilichokipenda zaidi ni jaribio la kuona udongo unashikana vipi ukilowa. Unachukua kidonge kikavu saizi ya njegere, unakiweka kwenye chujio la chai, unazamisha kwenye maji masafi (nilinunua maji ya betri gereji, yale yasiyo na asidi) unasubiri dakika 5 halafu unachovya mara 5. Cha chini ya shina la nyasi ya kudumu kilibaki kizima. Cha njia ya ng'ombe kiliyeyuka kama sukari hata sekunde 5 hazijafika, vijana niliokuwa nao wakaguna.

Sasa utajuaje pamechakaa kiasi gani? Wamarekani wana viashiria 17 vya hali ya malisho, na kila kimoja wanalinganisha na vile eneo lilipaswa kuwa kwa udongo na mvua yake. Sisi tulilinganisha na alalili, malisho yanayotunzwa kwa ajili ya ndama, japo nayo inalishwa. Mzee tuliyekuwa naye akaniambia, "Kijana, unahesabu nyasi zilizopo, zilizopotea huniulizi?" Akazitaja moja moja kwa Kimaasai, nikafungua ukurasa mpya.

Tutarudia pointi zilezile mwisho wa kiangazi, kabla mvua haijapaka rangi.