Nilivyochapisha umbali kati ya pointa mbili bila namba kugeuka hasi

Programu yangu ya lugha ya C ilikuwa ikipakia faili zima la data kwenye kumbukumbu, na kila ikikuta rekodi mbovu inaandika umbali wake kutoka mwanzo wa faili. Hesabu ni nyepesi: pointa (anwani ya kwenye kumbukumbu) ya mahali ulipo, toa pointa ya mwanzo. Jibu nililichapisha kwa %d, alama inayoiambia printf, kitendakazi cha C cha kuchapisha, kwamba thamani ni int, yaani namba nzima ya kawaida. Miezi ikapita, namba zote sahihi, hadi faili moja lilipovuka gigabaiti mbili na ripoti ikasema kosa liko kwenye baiti ya -1294967296.

Rekodi hiyo ilikuwa baiti ya 3000000000. Toa 4294967296, yaani 2 kwa kipeo cha 32, utapata hasi hiyohiyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukitoa pointa kwa pointa hupati int. Unapata ptrdiff_t, aina inayotoka stddef.h, na kwenye mashine yangu ina biti 64. %d ilikuwa ikisoma biti 32 za chini tu. Kilichonitisha zaidi ni zile namba ndogo zilizotoka vizuri: zilikuwa bahati tupu, kwa sababu kanuni za C haziahidi lolote pale aina ya thamani isipolingana na alama uliyoipa printf.

Kwanza niliigeuza thamani kuwa long, aina nyingine ya namba nzima, na kutumia alama yake, %ld, desturi ya tangu enzi za C89, toleo la C la mwaka 1989. Kwenye Linux ikatulia. Nilipokompaili kwa ajili ya Windows ya biti 64, hasi ikarudi vilevile: huko long ina biti 32, ingawa pointa ina 64.

Jibu lilikuwepo tangu C99, toleo la mwaka 1999, herufi moja tu, t (p hapa ni pointa ya mahali nilipo):

printf("%td\n", p - mwanzo);

Hakuna kugeuza aina, hakuna kukisia upana wa long. Usiichanganye na %zu, ambayo ni ya size_t, aina ya kuhesabia ukubwa, na haijui hasi. Mtu akiitumia hapa, umbali wa -1 unaweza kumtokea kama 18446744073709551615.

Kuna jambo lingine lililonipotezea jioni nzima. Kwenye safu (array) ya int, %td ilinipa 10 nami nilitarajia 40. Alama haikuwa na kosa. Kutoa pointa huhesabu vipengele, si baiti, na int yangu ina baiti 4. Nikitaka baiti, nazigeuza pointa zote mbili kuwa char * kabla ya kutoa. Na lazima zote ziwe za safu moja, au nafasi moja tu baada ya mwisho wake. Pointa za safu mbili tofauti hazitoleki kihalali, hata kama namba itatokea kwenye skrini.

Baada ya hapo niliwasha -Wformat, onyo la kompaila ya GCC kuhusu alama zisizolingana na aina, ambalo limo pia ndani ya kundi la maonyo la -Wall, kwenye programu nzima. Lilinionyesha sehemu nyingine saba zenye %d ileile, mbili zikiwa ndani ya ujumbe wa makosa ambao haujawahi kuchapishwa hata mara moja.