Lifti moja, milango miwili, kona moja

Mchoro wa leo mezani: chini unaingia kwa mbele, juu unatokea ubavuni. Nyuzi 90.

Kwenye karatasi unapendeza. Ukianza kupanga shimo la lifti ndipo swali linakuja: uzito wa kusawazisha, ule unaoshuka kabini ikipanda, ukae wapi?

Milango ikitazamana ni nafuu, uzito unahamia ubavuni na kazi inaendelea. Milango ya kona inakula kuta mbili zinazopakana, na reli zinazoiongoza kabini hazipati tena nafasi ya kutazamana katikati. Ama ziwekwe kona kwa kona, ama zote upande mmoja, kabini ining'inie kama rafu ya ukutani. Hapo reli zinapindwa muda wote, kwa hiyo zinatakiwa nene zaidi.

Mlango wa sm 90 unaofunguka katikati unataka upana wa sm 180 na ushee shimoni. Wa paneli mbili za kuteleza upande mmoja hutosheka na kama sm 135. Paneli ziteleze kuikimbia kona, la sivyo mitambo ya milango inagombania nafasi ileile.

Kilichokwamisha mchoro ni duara la penseli.

Kabini ya sm 110 kwa 140 inapokea kiti cha magurudumu, ila hakigeuki humo. Duara la kugeukia, sm 150, limekata kuta pande mbili. Sasa shimo lote linapanuliwa, na nguzo ya jengo iko palepale!

Mliowahi kufunga lifti za kona, uzito mliuweka wapi?