Nyumba Ipi Hustahili Ruzuku ya Queensland: Uzoefu Wangu wa Kununua Nyumba ya Kwanza Logan

Nilipoanza kutafuta nyumba mwaka 2024 katika jiji la Logan, kusini mwa Brisbane, jimbo la Queensland nchini Australia, niliamini kwamba ruzuku ya serikali kwa wanunuzi wa nyumba ya kwanza hupewa mtu. Nilidhani kwamba nikishathibitisha kuwa nimetimiza miaka 18, kuwa nina ukaazi wa kudumu, na kuwa mimi na mke wangu hatujawahi kumiliki nyumba nchini humo tukaishi ndani yake, basi kilichobaki ni kuchagua nyumba tunayoipenda. Ilinichukua miezi minne, na nyumba mbili tulizozikosa, kuelewa kwamba nusu ya masharti inaihusu nyumba yenyewe, na kwamba hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia.

Ruzuku hii ilianza tarehe 1 Julai 2000, siku ileile ilipoanza kodi ya bidhaa na huduma, ili kuwapunguzia wanunuzi makali ya kodi hiyo. Ilikuwa dola 7,000, na haikujali kama nyumba ni mpya au ya zamani. Kila jimbo liliitungia sheria yake, na ndiyo maana ushauri wa ndugu aliyeko jimbo jingine unaweza kukupoteza kabisa. Rafiki yangu wa Melbourne alinieleza habari za dola 10,000 na kuishi ndani ya nyumba miezi 12 mfululizo. Hayo ni ya Victoria. Shemeji yangu wa Adelaide alisema hakuna kikomo cha bei. Naye alikuwa sahihi kwa Australia Kusini, ambako kikomo kiliondolewa kuanzia tarehe 6 Juni 2024. Kwetu Queensland, tangu mwaka 2012 ruzuku hutolewa kwa nyumba mpya tu, na kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia tarehe 20 Novemba 2023 kiasi chake kilipandishwa kutoka dola 15,000 hadi 30,000. Wakati tunatafuta, mwisho wa kiwango hicho ulikuwa tarehe 30 Juni 2025; baadaye ulisogezwa hadi tarehe 30 Juni 2026.

Neno "mpya" ndilo lililotugharimu. Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa na umri wa miaka miwili, rangi haijachujuka, jiko linang'aa, na dalali aliyetutembeza aliiita mpya mara nyingi kiasi kwamba nami nikaanza kuiita hivyo. Kwa sheria ya ruzuku, nyumba mpya ni ile ambayo haijawahi kukaliwa kama makazi wala kuuzwa kama makazi. Mwenye nyumba alikuwa amempangisha mtu kwa miezi minane. Miezi minane hiyo ilitosha kuiondolea nyumba sifa, na sikuona sababu ya kumlaumu dalali kupita kiasi, kwa kuwa upya anaouuza yeye ni wa macho, nami ndiye niliyepaswa kuuliza nani amelala humo.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mbao, ya zamani, na ilikuwa imefanyiwa ukarabati mkubwa. Nilikuwa nimesoma kwamba nyumba iliyokarabatiwa inaweza kuhesabiwa kuwa mpya, na hilo ni kweli, ila masharti yake ni mazito: sehemu yote ya jengo, au karibu yote, iwe imeondolewa au kubadilishwa, asiwepo aliyeishi humo tangu ukarabati ukamilike, na mauzo yake yawe yanatozwa kodi ya bidhaa na huduma kama mauzo ya nyumba mpya. Jiko jipya, bafu jipya na sakafu iliyopigwa msasa havifiki hapo hata vikiwa vya gharama kubwa. Nilimwandikia muuzaji kupitia mwanasheria wetu nikiuliza swali moja tu, kama mauzo yale yanatozwa kodi hiyo, na jibu la "hapana" lilitusaidia kuliko maelezo yote ya kurasa za matangazo.

Baada ya hapo tuliorodhesha kile kinachokubalika: nyumba ya kujitegemea, nyumba zilizounganika, fleti, fleti inayonunuliwa kabla haijajengwa, nyumba ya vipande vinavyounganishwa kiwanjani, na hata nyumba unayojijengea mwenyewe. Kiwanja kitupu peke yake hakipati kitu mpaka pawe na mkataba wa kujenga. Nyumba ya kupangisha haimo, kwa kuwa mwombaji lazima ahamie ndani ya mwaka mmoja tangu ununuzi au ujenzi ukamilike, na akae miezi sita mfululizo.

Hapa niingize jambo ambalo Waswahili wenzangu huniuliza kuliko yote, nalo ni nyumba ya nyumbani. Mimi nina nyumba Ujiji, ndogo, ambayo marehemu baba aliiandikisha kwa jina langu kabla sijaondoka Kigoma. Kwa upande wa ruzuku haikunizuia, kwa sababu sharti linahusu nyumba uliyomiliki na kuishi ndani ya Australia. Kwa upande wa msamaha wa ushuru wa stempu, yaani kodi ambayo jimbo humtoza mnunuzi wa nyumba au kiwanja, mambo ni tofauti: jimbo linataka uwe hujawahi kumiliki makazi popote, Australia au ng'ambo. Kiwanja chetu kilikuwa cha dola 318,000, na kuanzia tarehe 9 Juni 2024 mnunuzi wa kwanza wa kiwanja kisichozidi dola 350,000 alikuwa halipi ushuru huo hata senti. Mimi nililipa dola 9,555. Kuna walioniambia ningenyamaza, kwani nani atakwenda Ujiji kukagua. Fomu ile hujazwa kwa tamko la kisheria, na nyumba ya baba sikuwa tayari kuikana kwa bei yoyote.

Tuliishia kuchukua kiwanja katika mtaa mpya wa Yarrabilba na kusaini mkataba wa ujenzi Oktoba 2024, kwa dola 398,000. Jumla ilikuwa dola 716,000. Dhamana ya serikali kuu, ile inayomwezesha mnunuzi kuanza na amana ya asilimia 5, tulikuwa tumeshaikosa, kwa sababu wakati huo kikomo chake kwa eneo la Brisbane kilikuwa dola 700,000. Nayo si ruzuku, ni serikali kumdhamini mkopaji kwa benki, ingawa watu huvichanganya viwili hivi kila siku. Kikomo cha ruzuku ya Queensland ni kingine: thamani ya nyumba pamoja na kiwanja iwe chini ya dola 750,000. Neno ni "chini ya". Dola 750,000 kamili tayari umekosa.

Tulidhani nafasi ya dola 34,000 inatosha. Hatukujua kwamba nyongeza za mkataba nazo huhesabiwa, yaani kila kinachoongezwa baada ya kusaini, kiwe cha lazima au cha kupenda. Upimaji wa udongo ulionyesha udongo wa mfinyanzi unaotanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, hivyo msingi ulihitaji kuimarishwa kwa dola 11,400. Kiwanja kilikuwa na mteremko kwa nyuma, ukuta wa kuzuia udongo ukala dola 9,800. Tukafika dola 737,200, na jamvi, yaani sakafu ya zege ya msingi, lilikuwa bado halijamwagwa.

Wakati huohuo mke wangu alikuwa amechora baraza. Hakutaka kile kipande chembamba cha mbele ambacho nyumba za huku huwa nacho, mahali pa kusimama mtu mmoja akitafuta funguo. Alitaka baraza la kukaa watu, lenye paa, ambalo wageni wa Jumapili wangetandika mkeka. Mjenzi alitupa bei ya dola 16,500. Nilijumlisha mara tatu mezani, na mara zote ilikuja dola 753,700. "Kwa hiyo baraza la elfu kumi na sita," akasema mke wangu, "tutalilipia elfu arobaini na sita na mia tano." Hesabu yake ilikuwa sahihi: tungetoa bei ya baraza na kuipoteza ruzuku yote, kwa kuzidi kikomo kwa dola 3,700 tu. Tukalifuta. Tangu siku hiyo kila barua ya mjenzi iliyokuja na nyongeza, hata ya dola 200, niliiandika kwenye daftari moja lenye jumla inayoendelea, na sikusaini kabla ya kutazama jumla hiyo. Tulimaliza kwa dola 741,350.

Maombi tuliyapitishia benki iliyotukopesha, ambayo ni wakala aliyeidhinishwa na ofisi ya mapato ya jimbo. Tuliambatanisha vitambulisho, cheti cha ndoa, mkataba wa kiwanja, mkataba wa ujenzi na nyongeza zote zilizosainiwa. Cheti chetu cha ndoa kilikuwa cha Kiswahili, kikahitaji mfasiri aliyeidhinishwa, na hilo peke yake lilituchelewesha wiki mbili. Kwa kuwa tulipitia benki, fedha zilitolewa pamoja na malipo ya kwanza ya ujenzi, Februari 2025, jamvi lilipokwisha kumwagwa. Hazikupita mikononi mwetu bali ziliingia moja kwa moja kwenye hesabu ya ujenzi, nasi tukaziona kama mstari mmoja tu kwenye taarifa ya benki.

Tulikabidhiwa funguo Septemba 2025 na kuhamia Oktoba. Nilibadilisha anwani kwenye leseni ya udereva na orodha ya wapiga kura wiki hiyohiyo, na ankara za umeme nikaziweka kwenye jalada, kwa sababu ofisi ya mapato inaweza kuuliza kama kweli miezi sita ilikaliwa, na asiyeitimiza hudaiwa arudishe fedha pamoja na faini. Wageni wa Jumapili kwa sasa wanakaa kwenye nyasi za nyuma, juu ya ukuta wa kuzuia udongo, na mchoro wa baraza upo ndani ya jalada lilelile la ankara.