Unakesha nayo peke yako

"Mashine nzima, binti. Tatizo unakesha nayo peke yako."

Sentensi hii sijui niiweke wapi. Nimeenda nayo sokoni, nimeoga nayo, nimekaa nayo ukumbini Kigamboni wenzangu wakitunza. Bi Mkubwa karuhusiwa hospitali, wale wa nyumba za Mbezi wamesaini, binamu kaolewa, alhamdulillahi kwa yote, nitayaandika nikitulia. Kichwani kwangu yupo fundi tu.

Mashine yangu mnaijua, ile kompyuta niliyoikusanya kipande kwa kipande baada ya kurudi kwa wazazi. Tangu niichomeke kadi ya grafiki (ile inayochora picha) "mpya" (mpya kwangu, ina mwenyewe wa kwanza) imekuwa ikilia. Feni huvuma, hilo nimelizoea. Hii ni sauti nyembamba, kali, ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Nikibonyeza kurenda, yaani kompyuta igeuze ramani ya nyumba kuwa picha kamili, inaanza papo hapo, picha ikiisha inakatika. Kuna kazi ya usiku kucha ndani ya kadi ya bei ile, nikaona nisibahatishe, nikaibeba kwenye bajaji mpaka Kariakoo.

Mchana wa Kariakoo mnaujua pia. Jenereta ya duka la jirani inanguruma, spika inanadi mashuka. Fundi ni mzee wa makamo ya Baba, miwani juu ya paji la uso. Shikamoo, marahaba, akaiwasha, akainamisha sikio.

"Sisikii kitu."

"Inalia ikipewa kazi, mzee."

"Si hii imewaka?"

"Kuwaka siyo kazi. Nikianza kurenda ndiyo inalia."

Akashusha miwani, akanitazama, akatazama mkono wangu wa kushoto. Au hilo la mkono nimeliongeza mwenyewe baadaye katika kulirudia rudia, sina hakika tena. Ndipo akasema alichosema. Kijana aliyekuwa anachoma lehemu meza ya pembeni akacheka bila kuinua kichwa. Nami nikasema, "Ahsante, mzee," nikalipa hela ya ukaguzi.

Ahsante! Ya nini?

Tangu siku hiyo nimemjibu mara nyingi sana, hasa nikiwa naosha vyombo. Kuna jibu la heshima: nakesha kwa sababu mchana chumba changu ni tanuri na wateja wanataka picha asubuhi. Kuna jibu lisilo na heshima, hilo libaki jikoni. Kinachonichoma zaidi ni kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni. Alileta leptopu inayopata moto. Hakuulizwa analala na nani.

Basi nikafanya kwa hasira kazi niliyomlipa mtu aifanye. Nikafungua ubavu wa kasha, nikarenda ile sebule yenye vioo vingi, na sauti ikiwa imepanda nikazuia feni moja moja kwa sekunde chache, kidole katikati kwenye kitovu, siyo kwenye mapanga. Mvumo ulipungua, mlio ulibaki vilevile. Nikazima, nikachomoa diski ya zamani inayozunguka, nikawasha tena. Bado. Nikachukua kile kiini cha karatasi ya chooni, upande mmoja sikioni, upande wa pili nikautembeza juu ya mazabodi, ule ubao mkuu, polepole. Kwenye pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme, kimya. Juu ya kadi ya grafiki, karibu na pale nyaya za umeme zinapoingia, sauti ikanijaa sikio lote.

Pale pana safu ya vibonge vidogo vyeusi. Ni koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa ndani ya kiini cha sumaku, na kazi yake ni kulainisha umeme kabla haujafika kwenye chipu. Umeme wenyewe huja kwa mapigo, na kila pigo sumaku inaivuta koili kidogo na kuiachia. Kwa kawaida mapigo hayo ni mamia ya maelfu kwa sekunde, sikio la mtu halifiki huko. Ila chipu inapofanya kazi nzito, mahitaji yake yanapanda na kushuka kwa kasi ndogo zaidi, ile ambayo sikio linaifikia, na koili inatetemeka kwa kuifuata. Kapasita za kauri, vile vipande vidogo vinavyotunza umeme, nazo huweza kutetemeka, zikautumia ubao mzima kama spika. Haiui kadi. Ni kero, basi.

Ushahidi niliupata kwa njia rahisi. Nilipokuwa nazungusha tu nyumba kwenye skrini bila kurenda, mlio ulikuwa juu. Nikaweka kikomo cha fremu (picha) 60 kwa sekunde, ukazima. Nikaondoa kikomo, ukarudi. Nikaweka, ukazima. Nilikaa nikifanya hivyo kuliko ilivyohitajika, nikiwa na fundi mbele yangu katika mawazo, miwani ikipanda na kushuka.

Programu ya simu ya kupima masafa ikanionyesha mstari mwembamba kwenye kilohezi 11 hivi, yaani hezi (mitetemo kwa sekunde) 11,000. Nikapiga picha ya skrini nimpelekee. Hata nguo nilishachagua.

Halafu mwana wa dada akapita ukumbini akienda kunywa maji. "Mama mdogo, mbona kompyuta yako inapiga filimbi?"

Nilimbusu mpaka akakasirika.

Nikamwita Baba naye. Akaja na msuli wake, akakaa kitandani, mikono magotini, akasikiliza kwa adabu kabisa kama anayesikiliza dua. Mlio ulikuwa juu kiasi kwamba mtoto alikuwa ameziba masikio. Baba akatikisa kichwa. "Mimi sisikii, mwanangu. Ila kama huyu kasikia, basi ipo."

Kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia hezi 20 hadi karibu 20,000, na umri unakata kuanzia juu. Kwa hiyo fundi hakunidanganya. Hata ningerenda mbele yake, jenereta ikazimwa na mashuka yakanyamaza, huenda asingesikia. Picha ya skrini nimeifuta. Lakini Baba hakusikia vilevile, na hakunitafutia ugonjwa.

Kadi nimeipunguzia umeme hadi asilimia 75. Picha inachelewa kidogo, mlio umebaki wa chini, na sasa nakiri kwenu tu kwamba nimeanza kuupenda. Unabadilika kwa kazi. Ukuta wa zege una sauti yake, vioo na maji ya bwawa vina yao, naweza kuwa jikoni nikajua picha imefika wapi. Wenye akili kuliko mimi walishafika mbali na jambo hili: mwaka 2013 Daniel Genkin, Adi Shamir na Eran Tromer walionyesha kwamba kwa kusikiliza sauti ya leptopu ikifungua ujumbe uliofumbwa, kwa simu ya kawaida iliyowekwa kando yake, unaweza kuuiba ufunguo wa biti 4,096 wa RSA, njia ya kufumba ujumbe iliyopewa herufi za majina ya waliyoibuni, ndani ya saa moja. Na S ya RSA ni ya huyo huyo Shamir. Mtu kavunja kufuli lake mwenyewe kwa sikio! Ningefurahi kumwona akiingia Kariakoo mchana.

Nilitaka kuishia hapo, ila mtoto ameuliza tena leo kwa nini mama yake hapigi. Tangu Jumanne dada hajapokea simu. Tiki za buluu zinaonekana, jibu hakuna, na siyo kawaida yake kukosa simu ya Ijumaa. Bi Mkubwa nimemwambia kazi zimemzidi, presha yake ndiyo kwanza imeshuka. Kama kuna msomaji yuko Muscat, Oman, aliko dada, hasa upande wa Seeb, naomba aniandikie kwenye ile anwani mnayoijua.