Tulivyoshirikishwa kabla ghorofa halijajengwa mtaani kwetu Sinza

Asubuhi moja kabla ya masika, kijana aliyevaa kizibao cha njano alinikuta nikifagia uwanja wa nyumba yangu Sinza, Dar es Salaam, akaniamkia kwa adabu, kisha akanipa karatasi yenye safu za jina, namba ya simu na saini. "Ni mahudhurio tu, mama," alisema. Nilipomuuliza mahudhurio ya mkutano upi, alinionyesha uzio wa mabati uliozungushiwa viwanja viwili vya jirani, ambako palikusudiwa kujengwa jengo la makazi la ghorofa nane. Mkutano wenyewe haukuwa umefanyika, lakini majina 19 yalikuwa yameshaandikwa, mengine ya majirani ambao baadaye waliniambia walidhani wanaandikishwa kwa ajili ya posho.

Sikusaini. Nilijua kwamba Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu, ila sikujua haki hiyo inadaiwa kwa njia gani. Mpangaji wangu, ambaye ni mwanasheria, ndiye aliyenieleza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake zinamtaka mwenye mradi unaofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kuwatangazia watu watakaoguswa, kuwaeleza mradi, na kupokea maoni yao ya mdomo au ya maandishi, nayo maoni hayo huingia katika ripoti inayopelekwa NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira. Ndipo nilipoelewa kwa nini karatasi ile ilikuwa ikitembezwa nyumba kwa nyumba.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa mtendaji, tukiomba mkutano wa hadhara. Nakala yetu tuliigongesha muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na namsihi yeyote atakayepita njia hii asiondoke ofisini bila muhuri huo.

Wakati tukisubiri, tulifanya kazi ambayo kwangu ndiyo iliyobeba kila kitu. Eneo letu lilipimwa miaka ya 1970 katika mpango wa viwanja na huduma, kwa nyumba za chini za familia, na upande wetu bado tunategemea makaro. Mimi na jirani mmoja tulipita nyumba 14 tukiwa na futi kamba, tukipima alama ya matope ambayo maji ya mvua huacha ukutani. Nyumbani kwangu ilikuwa sentimita 38 kutoka sakafuni. Kwa mjane anayekaa karibu na mfereji ilifika chini kidogo ya swichi ya taa. Tulipiga picha kila alama, futi ikionekana.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, kwenye viti vya plastiki mbele ya ofisi ya mtaa. Mtaalamu mshauri wa mradi alizungumza kwa muda mrefu kuhusu ajira. Sisi hatukupinga jengo, kwa sababu watu wanahitaji nyumba. Tuliuliza majitaka ya familia zote hizo yataelekea wapi, na nani atapanua mfereji. Hakuwa na jibu, na alikiri hivyo. Kabla watu hawajatawanyika, niliomba muhtasari usomwe kwa sauti. Suala la majitaka halikuwamo. Mtendaji aliliongeza kwa kalamu palepale, akasoma tena, ndipo mhuri ukagongwa.

Miezi michache baadaye mshauri alirudi na michoro iliyobadilishwa: maji ya mvua yangepelekwa kwenye mfereji mpya wa zege, na jengo lingekuwa na mtambo wake wa kusafisha majitaka. Ghorofa zilibaki nane, na suala la maegesho ya magari bado tunalidai kwa barua. Mfereji ulichimbwa kabla ya msingi wa jengo, kama ilivyoandikwa kwenye muhtasari, na siku ulipomwagwa zege nilikwenda na futi yangu kuupima.