Kumwandaa kijana asiye na ajira afundishe hisabati: anza na makosa ya mtoto

Vijana waliomaliza sekondari na hawana kazi wapo wengi kila kijiji chenye shule. Kinachokosekana ni vijana wanaojua kwa nini hesabu inafanyika vile inavyofanyika. Mwulize mmoja wao: katika 52 toa 27, ile "moja" unayoikopa ni nini? Wengi watajibu ni moja. Kumbe ni kumi. Ambaye hajaliona hilo atamkaririsha mtoto kanuni ileile aliyokaririshwa yeye, na mtoto atakwama palepale.

Ndiyo maana cheti pekee hakitoshi wakati wa kuchagua. Mpe kijana maswali kumi ya shule ya msingi, kisha mwekee mbele kazi ya mtoto iliyokosewa: 38 + 27 = 515. Mwulize mtoto alikuwa anawaza nini. Akisema mtoto ni mzembe, bado hajawa tayari. Akisema "amejumlisha 8 na 7 akapata 15, akaiandika yote bila kupeleka kumi kwenye makumi", mchukue, hata kama alama zake za mtihani ni za kawaida. Hakikisha pia anaongea lugha ambayo watoto wanahesabia nyumbani, na kwamba anaweza kufika shuleni kwa miguu. Nauli ikila posho, ataacha kabla muhula haujaisha, na hana kosa.

Mafunzo ya siku kumi yanatosha kuanzia, mradi yasiwe ya kusikiliza hotuba. Siku mbili za kwanza ni za vijiti. Kila mmoja apewe vijiti 100 avifunge mafungu ya kumi kumi. Namba 52 ni mafungu 5 na vijiti 2. Ili utoe 27 unahitaji kuondoa vijiti 7, na unavyo 2 tu, kwa hiyo fungua fungu moja: sasa una mafungu 4 na vijiti 12. Ondoa 7, vinabaki 5. Ondoa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu ni 25. Kila hatua ya mkono iandikwe hapohapo kwenye daftari, maana vijiti vikichezewa peke yake na hesabu ikaandikwa baadaye, mtoto huona ni mambo mawili tofauti.

Kisha wakae wanne wanne, waunganishe vijiti, wafanye 304 toa 128. Hapa ndipo wengi hutoka jasho. Hakuna fungu la kumi la kufungua, kwa hiyo inabidi fungu la mia lifunguliwe liwe makumi kumi, ndipo kumi moja ifunguliwe. Yanabaki mafungu 2 ya mia, 9 ya kumi, na vijiti 14. Jibu ni 176. Mtoto aliyeandika 126 ameruka sifuri: amekopa kwenye 3 moja kwa moja hadi mamoja, halafu kwenye makumi akageuza 0 toa 2 ikawa 2. Na aliyeandika 612 gawanya kwa 6 ni 12 hakuweka sifuri pale 1 ilipokuwa ndogo kuliko 6; jibu ni 102. Kila kijana awe na daftari la makosa ya namna hii, lenye kosa, wazo lililolizaa, na swali la kumwuliza mtoto. Kwa maoni yangu, daftari hilo lina faida kuliko kitabu chochote cha mbinu.

Kuanzia siku ya tatu wakae na watoto halisi asubuhi, mchana wajadili walichokiona. Waandaaji wengi huwaacha watoto hadi siku ya mwisho, na kijana anaingia darasani akiwa hajawahi kumsikiliza hata mtoto mmoja.

Kupanga watoto hufanywa kwa mdomo, mmoja mmoja, kama dakika tano kila mtoto: atambue namba za 1 hadi 9, kisha 10 hadi 99, kisha atoe kwa kukopa, kisha agawanye namba ya tarakimu tatu kwa ya tarakimu moja. Anapoishia ndilo kundi lake, awe darasa la tatu au la tano. Njia hii inafahamika sana kutokana na kazi ya shirika la Pratham huko India. Katika mpango wao wa Balsakhi, mabinti waliomaliza sekondari, wanaoishi mitaa ileile ya watoto, walipata mafunzo ya takriban wiki mbili, wakawa wanachukua watoto 15 hadi 20 waliobaki nyuma kwa saa mbili kila siku ya shule. Ulipopimwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika miji ya Mumbai na Vadodara, walionufaika walikuwa hao waliotolewa. Wenzao waliobaki darasani, ingawa darasa lilipungua, hawakuonekana kupata faida hiyo. Kupunguza idadi tu hakutoshi. Mtoto afundishwe pale alipo.

Kwa kipindi cha saa moja: dakika 10 za hesabu za kichwa, 25 za vijiti na maandishi, 15 mtoto afanye peke yake huku kijana akizunguka, 10 za kuuliza "umefikaje?". Swali hilo liulizwe hata kwa aliyepata. Makosa ya kijana mgeni ni mawili: kushika kalamu ya mtoto, na kuridhika na darasa linaloitikia kwa pamoja. Sauti ya wengi huficha watatu wasiojua.

Kuna mambo yanayoua mpango. Shule ikikosa mwalimu humpa kijana darasa zima la watoto 70. Andikeni mapema kwamba hilo si kazi yake. Posho ikichelewa, anayeondoka kwanza ni yule bora. Usalama nao usiachwe kwenye maneno: vipindi vifanyike mahali pa wazi, na kijana asibaki peke yake na mtoto mmoja.

Msimamizi afike kabla wiki ya pili haijaisha, akae nyuma, aangalie watoto wawili watatu wanavyoandika. Pima tena kila baada ya wiki sita na uwahamishe waliopanda. Na kwa kuwa kijana akipata ajira ataondoka, kama inavyotakiwa, rekodi za kundi zibaki kwa mwalimu wa hisabati wa shule: jina la mtoto, ngazi aliyopo, kosa analorudia.